Daftari la Kukatika

Inaanza saa mbili usiku, taarifa ya habari ikiisha.
Pembeni mwa kioo, kile kidunia kidogo kinavaa alama ya mshangao,
na jedwali la mauzo ya duka la vipuri, Kariakoo,
linaganda katikati ya safari, asilimia sitini na moja.

Nimezima, nimewasha.
Nimechomoa ruta, nimehesabu hadi thelathini
kama mtoto anayecheza kombolela, nimeichomeka.
Taa ya kwanza kijani. Ya pili kijani.
Ya tatu inafikiria.

Nikapiga simu kwa kampuni. Muziki. Muziki. Kisha:
"Naitwa Ndeshi, nikusaidie nini?"
Akasema zima, washa.
Nikasema dada, hiyo nimeifanya mpaka swichi imelegea.
Akasema, kwa upole wa mtu mwenye foleni ndefu:
"Huku kwetu unaonekana uko hewani."

Akaja fundi Lwitiko na ngazi yake, mchana,
akapanda nguzo, akashuka, akalaumu unyevu wa vuli.
Mchana ule wote mtandao ulitulia tuli,
kama mgonjwa anayeacha kukohoa akimwona daktari.
Elfu ishirini, na nauli.

Basi nikanunua daftari. Mimi mtu wa hesabu;
nisichokielewa nakiandika.
     Jumatatu: 2:10 hadi 2:14. 2:20 hadi 2:24.
     Jumanne: dakika mbili, mbili, mbili, kisha nne.
     Alhamisi: mfululizo, hadi saa sita kasoro.
Nikawashuku majirani, nikabadili nenosiri mara tatu.
Nikaishuku friji. Nikaishuku transfoma ya Kizuiani.
Nikamshuku paka, ambaye hata si wetu.

Kisha Mama akaenda Lindi, msibani, siku nne.
Daftari likakaa jeupe.
Nilikula chipsi mbele ya kioo, majedwali yakiondoka mbio,
nikamwombea fundi Lwitiko maisha marefu.

Jumapili akarudi, na mfuko wa korosho.
Saa mbili: mshangao.

Nikavua vidude vya masikioni, vile ninavyovaa usiku kucha
ili nisiisikie nyumba,
na nikaisikia nyumba.
Trrr. Kimya. Trrr.

Nikaufuata waya kwa magoti, simu mdomoni ikimulika,
toka kwenye ruta, chini ya zulia, nyuma ya kabati la vyombo,
mpaka chumbani kwa Bi Somoe, mama yangu,
ambako mimi mwenyewe, mwaka juzi, niliupitisha chini ya mkeka
kwa sababu nilikuwa na haraka.
Mguu wa chuma wa cherehani umekaa juu yake.
Akikanyaga, chuma kinacheza;
kikicheza, waya unabanwa koo.

"Unatafuta nini huko chini?"
"Mtandao."
"Haya," akasema, macho hayakutoka kwenye pindo.

Usiku ule nikalisoma daftari upya.
Dakika mbili ni pindo la sketi.
Dakika nne ni mguu wa suruali.
Alhamisi ile, hadi saa sita kasoro, ni sare;
shule zinafunguliwa Januari na wazazi hukumbuka Desemba.
Nikajumlisha, maana kujumlisha ndiyo riziki yangu:
sketi sabini na tatu, suruali arobaini kasoro moja,
wiki tano, kifundo kimoja cha mguu kilichovimba.
Mwezi uliopita aliniuliza bando ni shilingi ngapi
akanipa nusu. Sikuuliza katoa wapi.

Kikulacho ki nguoni mwako, tunaambiwa.
Na kikulishacho?

Sasa waya unapita juu, kwenye fremu ya mlango,
kwa misumari saba, mmoja umepinda.
Kidunia hakishangai tena.
Shida ni kwamba sijui tena anapumzika saa ngapi.
Kwa hiyo vile vidude nimevitia kwenye droo,
napeleka mauzo ya Kariakoo masikio wazi,
trrr, kimya, trrr,
mpaka kimya kirefuke na sauti itoke chumbani:
"Kama mtandao wako umetulia, njoo unitungie uzi."